Wimbo wa Thelathini na Nane

Jumanne asubuhi simu ilimlilia Barke jikoni wakati anakanda unga wa mahamri, na kwa kuwa mikono ilikuwa imejaa unga, akaifungua kwa ncha ya pua. Ndivyo alivyozoea. Ilikuwa sauti ya Bi Rahima wa Likoni, mamake Yasir, kwenye grupu la familia lililoitwa "Harusi ya Ikhlas na Yasir Inshallah".

"Asalaam aleikum nyote," sauti ikasema, polepole, kama mtu anayesoma hutuba. "Mimi leo nimefika wimbo wa thelathini na mbili. Jana nilikuwa ishirini na sita. Maashallah, marehemu alikuwa na koo, Mungu amrehemu. Jumapili nilizimeza ishirini kwa pupa, sasa nasikiliza kwa utaratibu, nyimbo sita kila siku, nikimenya viazi vyangu. Yasir amenitilia kwa flashi, nikaichomeka kwa redio. Kesho inshallah nitafika thelathini na nane. Haya, endeleeni na kazi zenu."

Barke akatabasamu peke yake. Marehemu huyo alikuwa mamake mzazi, Bi Hanan, aliyeongoza vugo, ngoma ya wanawake ya harusini, Kisauni nzima miaka thelathini. Hakuna bi harusi wa Mjambere wala Mtopanga aliyetolewa bila Bi Hanan kushika ile pembe ya nyati, kuigonga kwa kijiti, na kuwaambia wakwe mambo ambayo mtu mwingine angeyasema angetolewa nje. Nyimbo zake zilibaki kwenye kanda za zamani ndani ya bati la biskuti, mpaka juzi juzi Badi, mumewe Barke, alipoamua kuziokoa.

Badi alikuwa karani wa yadi ya makontena Changamwe. Alistaafu mwaka jana, na siku ya kwanza tu ya kustaafu akanunua kompyuta kuukuu, akaiweka sebuleni juu ya cherehani, akaibandika karatasi: SEVA. USIZIME. Nyimbo akazihamisha kutoka kwenye kanda moja moja, akazipa namba. Ikhlas, binti yao, alimshauri azihifadhi kwa hawa wa mitandaoni, akakataa katakata.

"Nimpe mtu asiyenijua nyimbo za mamamkwe wangu aniwekee, kisha nimlipe kila mwezi kwa kuniwekea? Nyumba ninayo. Umeme ninao. Waifai ninayo. Anayetaka kusikiliza ataingia hapa hapa kwetu kwa linki, kama anavyopiga hodi."

"Wanawake wa familia peke yao," Barke alimwambia. "Nyimbo za vugo si za wanaume, wewe wajua."

"Salama salimini," akasema Badi, na Jumamosi akatuma linki kwenye grupu.

Sasa Barke akarudi kwenye unga wake, akahisi raha. Siku tatu zimebaki. Ijumaa baada ya alasiri ni vugo, Jumamosi ni nikahi, na mkwe mwenyewe yuasikiliza sauti ya mamake na kuisifu mbele ya watu arobaini na mbili. Ni nini tena mtu anataka?

Hapo ndipo Dishon alipopita.

Dishon alikuwa mpangaji wa chumba cha uani, kijana wa bara aliyefanya zamu ya usiku kiwanda cha misumari. Alisimama mlangoni na ndala zake, macho mekundu.

"Shikamoo, Mama Ikhlas."

"Marahaba. Hujalala tu?"

"Ndio naenda. Nilikuwa nasikiza zile ngoma. Mathe, hiyo ya thelathini na nane wacha tu. Nilicheka kwa basi ya kampuni mpaka dereva akageuka."

"Ngoma gani?"

"Si ni zile za mamako. Mzee alinitumia linki nijaribu kama inafunguka nikiwa nje ya nyumba. Ikafunguka fiti."

Barke akaacha kukanda. "Dishon, wewe ni mwanamume."

"Nilikuwa najaribu tu," akasema Dishon, akapunguza sauti. "Ile moja tu ndio nimerudia."

"Na hiyo moja yachekesha nini? Mamangu hakuwa na wimbo wa kuchekesha."

"Kwani ni wa mamako? Ni wewe. Wewe na Mama Jumwa. Ile ya begi."

Unga ukabaki pale kwenye sinia. Ulikuja kuumuka wenyewe, ukafurika, ukamwagika kwenye meza, na hakuna aliyeuona.

*

Jumatano iliyopita lilikuja begi. Kila mtu wa Pwani ajua begi la bi harusi ni nini: upande wa bwana wanajaza sanduku la nguo na manukato, wanalileta kwa vigelegele, na upande wa bi harusi wanalifungua mbele ya majirani. Wanasema maashallah, wageni wakiondoka ndipo wanapoangalia vizuri.

Jioni hiyo Barke alikuwa chumbani anajirekodi kwa simu, anajaribu wimbo atakaouimba Ijumaa. Jumwa akaingia. Jumwa, ambaye vijana humwita Mama Jumwa, ni jirani, Mgiriama wa Mtopanga, ndiye anayegonga pembe ya pili. Barke akaiweka simu chini bila kuizima, wakafungua begi upya.

Wimbo wa thelathini na nane ulianza hivi: Barke akiimba vizuri kabisa kwa dakika mbili. Kisha mlango. Kisha dakika kumi na mbili za hukumu.

"Jumwa, njoo uone mwanangu alivyothaminiwa. Madera matatu. Hesabu. Yote buluu. Kwani yuaolewa au yuaingia darasa la kwanza?"

Kicheko cha Jumwa.

"Na sabuni hizi. Nimeziona wapi hizi? Gesti. Wallahi hizi ni za gesti, ukioga mara moja imebaki harufu mkononi."

Kicheko cha Jumwa, kirefu, chenye kukohoa.

"Lakini hilo dogo. Hebu shika chupa hii ya uturi. Itikise. Imefika hapa. Hapa, Jumwa. Theluthi nzima haipo. Bi Rahima ameoga nayo kwanza, ndipo akatuletea. Mtu mwenye duka la viazi karai, foleni mpaka barabarani, yuampa mkaza mwanawe masalio."

Na Jumwa, akipangusa machozi: "Labda alitia kwa viazi."

Barke alisikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya SEVA. Ikhlas alikuwa amesimama nyuma yake na gauni la kazi, yuafundisha chekechea Mjambere, tayari amechelewa. Badi alikuwa amevaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kichwani.

"Badi," akasema Barke. "Sauti yangu imefikaje humo?"

"Nilikusaidia."

"Ulinisaidia vipi?"

"Simu yako, chochote ikirekodi, chaingia chenyewe hapa. Nilikupangia hivyo usije ukapoteza nyimbo zako. Siku ile nilikuwa nimefika kanda ya thelathini na saba. Yako ikaja, kompyuta ikaipa thelathini na nane, mimi nikaendelea na thelathini na tisa." Akapangusa kioo cha kompyuta. "Utaratibu wenyewe ulifanya kazi vizuri sana."

Ikhlas akafunika uso kwa mikono. "Baba."

"Nafuta," akasema Badi. "Nafuta sasa hivi. Tazameni. Imefutika."

Dishon, ambaye usingizi ulishamtoka, alikuwa ameegemea mlango. "Mzee, hapa umefuta hapa. Hiyo iko Likoni iko Likoni. Si mnasema Yasir alikopi zote kwa flashi? Hiyo haijui kama wewe umefuta. Na linki yenyewe umeiacha wazi, yeyote aliye nayo anaingia. Ungempa kila mtu paswadi yake. Na mambo ya simu ungeyaweka folda ya mbali, usichanganye na ya wageni. Ni kama umewakaribisha watu sebuleni halafu chumba cha kulala hakina mlango."

"Mbona hukusema Jumamosi?"

"Uliniuliza kama inafunguka. Nikakwambia inafunguka."

Ikhlas ndiye aliyehesabu. "Leo amefika thelathini na mbili. Sita kila siku. Kesho asubuhi akimenya viazi, Mama, yuakusikia."

Hapo Badi akapata fikra. Ungemwona. Akavua miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile nyingine. "Tuseme si wewe. Siku hizi kuna hii akili ya kompyuta, yaiga sauti ya mtu yeyote. Tuseme kuna mahasidi wameiga sauti yako."

"Na Mama Jumwa naye?" akauliza Ikhlas. "Mahasidi wameiga mpaka kikohozi chake?"

Jumwa aliitwa, akaja na kanga begani. Alisikiliza shtaka lote, kisha akasema, "Mimi sikusema kitu. Mimi nilicheka tu."

"Kicheko chako chasikika mpaka Mtwapa," Barke akamwambia. "Na nani alisema ametia kwa viazi?"

"Hilo nalo lilirekodiwa?"

Ikhlas alijaribu kumpigia Yasir, aitoe ile flashi kimyakimya. Yasir hakushika. Baadaye akaandika: "Niko kazini habibti, tutaongea." Akampigia tena saa saba, akaandika vile vile. Ikhlas akaanza kulia, lakini kwa upole, ule ulio mbaya zaidi.

"Mama, mimi sitaki madera. Mimi ningeolewa na hizo sabuni peke yake. Ukinivunjia harusi hii nitakaa humu ndani na nyinyi na hiyo seva mpaka nizeeke."

Barke aliweza kuvumilia mengi, lakini si hilo. Si kwamba angeogopa matusi. Angetukanwa angejibu. Kilichomtisha ni kwamba Bi Rahima hangetukana. Bi Rahima angenyamaza, angetuma mtu mzima mmoja na maneno mawili, na begi lingechukuliwa, na majirani wale wale waliosema maashallah wangelihesabu likitoka.

"Badi," akasema. "Una flashi nyingine?"

"Ninazo nne."

"Tia nyimbo zote. Toa hiyo yangu. Kesho alfajiri twaenda Likoni kuwasalimu wakwe."

*

Walivuka feri saa moja na nusu. Barke alibeba sinia la mkate wa sinia lililofunikwa kawa, na kifuani, ndani ya sidiria, alikuwa na flashi. Badi alikuwa amempa mafunzo njia nzima: ile ya zamani ichomoe ukiivuta moja kwa moja, usiikunje. Hii ya sasa upande wenye alama ya njano utazame juu. Ikigoma igeuze. Ikigoma tena, igeuze tena.

"Na nikikamatwa?"

"Sema waifuta vumbi."

Kwa Bi Rahima ilikuwa nyumba ya mabati ya kijani karibu na stendi, mbele kibanda cha viazi karai, nyuma ua wa saruji. Badi akakaribishwa barazani, mahali pa wanaume, akapewa kahawa na gazeti la wiki iliyopita. Yasir alikuwa hapo. Alimsalimia baba mkwe kwa adabu, akamwangalia Barke, akaangalia chini haraka, akasema ana haraka ya kazi. Barke akaona ni aibu ya bwana harusi.

Bi Rahima alikuwa uani kwenye kigoda, miguu imenyooshwa, gunia la viazi upande mmoja na ndoo ya maji upande mwingine. Mwanamke mwembamba, mrefu, dera la kahawia. Juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kutoka kwake, redio. Na ubavuni mwa redio, ikiwaka kijitaa cha bluu, flashi.

"Hodi."

"Karibu, mkwe. Karibu mbele. Hatukuambiwa mwaja."

"Shikamoo, dada." Barke alimzidi miaka miwili Bi Rahima, lakini leo hapakuwa na hesabu hiyo.

"Marahaba," akasema Bi Rahima, akaipokea kama haki yake. "Mkate wa sinia. Mwajisumbua. Keti. Kisu hicho hapo, kama hutajali. Msichana wangu hakuja leo."

Barke akaketi. Akachukua kisu. Redio ikasema, kwa sauti ya kike iliyokwaruza ya kanda ya zamani, wimbo ambao yeye aliujua tangu akiwa tumboni.

"Huu ni wa ngapi?" akauliza, kama mtu asiyejali.

"Thelathini na tano."

Wakamenya. Gunia lilikuwa zito, viazi vidogo vidogo, vya kumkomoa mtu. Thelathini na tano ukaisha, ukaingia thelathini na sita. Barke akainuka. "Redio yako ina vumbi, dada. Acha nikupangusie."

"Iwache. Waya umechubuka. Itakurusha mpaka Kisauni."

Akaketi. Baada ya viazi kumi akainuka tena. "Jua litaiunguza. Niisogeze kivulini?"

"Imezoea jua."

"Sauti ni ndogo, nikuongezee?"

"Masikio ninayo mazuri, mkwe," akasema Bi Rahima, macho yake kwenye mkono wa Barke uliogusa kifua. "Nasikia kila kitu."

Ukaingia thelathini na saba, na hapo Barke akasahau kazi aliyoendea. Ulikuwa wimbo aliotolewa nao yeye mwenyewe, miaka ishirini na sita iliyopita, mamake akiuimba huku analia, ungejua kwa vile alivyokuwa anavuta pumzi katikati ya maneno. Barke aliinamisha kichwa juu ya ndoo. Chozi likaangukia kiazi. Alimenya kile kiazi mpaka kikawa kama kunazi.

Wimbo ukafika mwisho. Zikasikika pembe, vigelegele, kisha ule mkwaruzo wa kanda kukatika.

Barke hakuinuka. Alijua kwamba ni sasa au basi, redio iko hapo, mkono mmoja tu, na hakuinuka. "Dada Rahima," akasema. "Zima redio. Kuna jambo nataka nikwambie kwa mdomo wangu kabla hujalisikia humo."

Bi Rahima akanyoosha mkono unaochuruzika maji ya viazi, akabonyeza kitufe. Redio haikuzimika. Iliruka. Ukaanza wimbo wa thelathini na tisa.

"Ya thelathini na nane nimeshaisikia," akasema.

"Lini?"

"Jumapili. Yasir alikuwa yuaijaribu flashi, akabonyeza popote, ikaangukia hapo. Tulikuwa tumekaa hapa hapa, mimi na yeye. Maskini alitaka kuizima, nikamwambia wacha, mtu akisemwa lazima asikie mpaka mwisho."

"Jumapili," akasema Barke. "Na Jumatatu ukasema umefika ishirini na sita."

"Ehe."

"Na jana thelathini na mbili."

"Nilikuwa nakuhesabia," akasema Bi Rahima, akitupa kiazi kwenye ndoo. "Nilikwambia kila siku nimefika wapi ili uje. Nilidhani utakuja Jumatatu. Jumatatu hukuonekana. Jana nikakutajia na namba yenyewe kwa ukamilifu, nikasema huyu labda hasikii vizuri."

Barke alimtazama yule mwanamke, akaona kitu ambacho hakukiona siku ya posa wala siku ya begi: kwamba Bi Rahima alikuwa amefurahia sana siku zake mbili hizi.

"Nisamehe," akasema.

"Madera ni buluu kwa sababu Yasir alisema Ikhlas yuapenda buluu."

"Yuapenda. Ni kweli yuapenda."

"Sabuni ni za gesti. Hilo umesema kweli. Binamu yangu yuafanya kazi gesti." Akamenya kiazi kingine. "Uturi sasa. Hilo la uturi lilinilaza macho."

"Dada, basi."

"Wacha nimalize. Nilinunua chupa ya kwanza mjini, imefungwa vizuri, na karatasi yake ya kung'ara. Kufika hapa nikasema acha ninuse tone moja. Maji. Maji ya rangi, mkwe. Pesa za viazi vya mwezi mzima. Nikarudi, duka limefungwa, na jirani yake hamjui hata jina. Basi nikajikusanya tena, nikaenda duka jingine, na safari hii nikamwambia yule bwana fungua. Akafungua. Nikamwambia nipake. Akanipaka. Nikamwambia mpake huyu mteja. Nikasimama hapo mpaka nikajua harufu yakaa muda gani. Nilimpaka mpaka mlinzi. Nilipotosheka kwamba ni uturi wa haki, ndio imefika hapo ulipopaona." Akaonyesha kwa kisu, theluthi. "Sikuoga nayo. Nilikuwa naogopa mwanao asije akanuka maji siku yake ya kwanza nyumbani kwangu."

Kutoka upande ule wa baraza Badi alisikika akikohoa, kama mtu anayeuliza mambo yamefika wapi.

"Ningejua," akasema Barke. Akajaribu tena. "Ningejua, ningewaambia watu wote."

"Ndiyo maana hukuambiwa."

Wakamenya. Gunia lilikuwa limefika nusu.

"Basi harusi ipo?" Barke akauliza, kwa sauti ndogo kama ya mtoto anayeuliza kama chakula kipo.

"Nani amesema haipo? Yasir tangu Jumapili hali, yuaogopa kushika simu ya mchumba wake asije akaropoka. Lakini sharti liko."

"Lolote."

"Uyaimbe."

"Nini?"

"Hayo yote. Ijumaa, kwa vugo, mbele yangu na watu wangu wote wa Likoni. Ukinisema chumbani na jirani, hiyo ni kunisengenya, na mimi nitakaa nayo moyoni mpaka nife. Ukinisema kwa pembe, mimi nimeketi kitini na udi unafukizwa, hapo umeniheshimu. Kwani mamako hakukufundisha?"

Alimfundisha. Lakini Barke alikuwa amejiandalia wimbo mwingine kabisa, wa heshima, wa kumsifu mkwe kwa ukarimu, ule ule uliokuwa kwenye dakika mbili za mwanzo.

"Na ule niliokuwa naujaribu? Uliusikia?"

"Niliusikia. Umepooza. Wanifanya mimi kama mtu aliyekwisha kufa. Haya, lete wa begi. Anza."

"Hapa?"

"Kwani una haraka?"

Barke akagonga kisu kwenye ukingo wa ndoo, akaanza kwa kusitasita. Alipofika kwenye sabuni Bi Rahima akamkatiza. "Hapo wakimbia. Usitaje gesti, kila mtu hapa ana binamu gesti. Sema yapotea mkononi. Ehe. Na pa uturi usiseme nimeoga nayo, hiyo ni ya kitoto. Sema imenywewa. Kisha uliza nani ameinywa, ugeuke uniangalie mimi."

"Nikuangalie?"

"Uniangalie hasa. Na unyamaze kidogo hapo. Watu watakufa."

Viazi vilipokwisha, wimbo nao ulikuwa umekwisha. Barke akainuka, magoti yakilia, mikono imekunjamana kwa maji. Akauliza, akijifanya ni jambo la kupita, "Na jibu lako litakuwa nini?"

Bi Rahima alikuwa anasuuza kisu. "Utalisikia na wenzio."

*

Ijumaa baada ya alasiri uwanja wa nyuma wa kina Barke ulifunikwa maturubali pande zote, na wanaume wakafukuzwa mpaka kwenye kona ya duka. Badi alikuwa ameshinda siku mbili anamtungia kila shangazi paswadi yake. Mmoja aliisahau kabla hajafika nyumbani, mwingine akaituma kwenye grupu ili isipotee. Mlango wa folda ulikuwa umefungwa vizuri kiasi kwamba hata Badi mwenyewe ilibidi amwite Dishon amfungulie.

Likoni walikuja na magari mawili. Bi Rahima akaketishwa kwenye kiti cha mbele, kitambaa cha dhahabu kichwani, chetezo miguuni. Ikhlas alikuwa ndani amejifunika, sikio limebanwa dirishani. Jumwa akagonga pembe ya pili. Barke akashika ya kwanza, ya mamake, akaingia katikati.

Begi lakuja na mbwembwe, kufungua lina nini?
Madera ni rangi moja, kama sare za skulini,
Sabuni kama pipi tu, zapotea mkononi,
Na uturi umenywewa, aliyeunywa ni nani?

Akageuka, akamtazama Bi Rahima, akanyamaza. Watu walikufa kama ilivyoahidiwa. Likoni walijishika vichwa, Kisauni wakapiga vigelegele mpaka maturubali yakatikisika, na mwanamke mmoja akavua kanga akaitupa juu. Barke alizunguka mara mbili na pembe yake. Hajawahi kuimba vile. Hata Jumwa alisahau kugonga.

Bi Rahima hakucheka. Alisubiri kelele ziishe zote, mpaka mtu wa mwisho. Ndipo akasimama, akanyoosha dera lake, akampokonya Jumwa pembe na kijiti. Akaja mpaka mbele ya Barke, uso kwa uso, akagonga mara tatu.

Mkwe kaja na mkate, juu kafunika kawa,
Kifuani ana flashi, ya kuja kubadiliwa,
Kamenya gunia zima, na redio hakupawa,
Mkwe wangu nakupenda, kwa wizi hukujaliwa.

Barke mkono ulimwenda kifuani wenyewe, mbele ya watu wote, kama kwamba kitu bado kipo, na hilo ndilo lililoumaliza ua. Kisauni wenyewe walimgeuka. Jumwa aliketi chini kwenye mchanga, kikohozi chake kikasikika mpaka kwenye kona ya duka, ambapo Badi aliinua kichwa akauliza kumetokea nini.

Ndani, dirishani, Ikhlas alikuwa anacheka mpaka hina inamharibika.

Na desturi ya vugo ni kwamba aliyepigwa kijembe hakimbii. Barke akapangusa macho, akakunja buibui kiunoni, akaingia kwenye duara, na Bi Rahima akasogea akampa nafasi ya kucheza upande wake wa kulia.